Siku Mama Mkwe Alipowekwa Makumbusho

Mji wetu una mto, ila mto wenyewe ndio hauna maji. Miezi mitano Mhumbu unapita umefura, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na miezi saba unageuka barabara ya mchanga. Mbuzi wanakatiza, wanawake wanachimba visima katikati yake na kukaa wakingoja maji yajikusanye ya kutosha kuzamisha kibuyu. Miezi hiyo nimeihesabu mara mbili, mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa mvua mbaya, na hesabu ikapishana kwa mwezi mmoja tu.

Kwa hiyo afisa utamaduni wetu, tuliyezoea kumwita Bwana Utamaduni, aliporudi kutoka masomoni ng'ambo katikati ya miaka ya sabini na kutangaza kwamba Shinyanga ni mji wa ukingoni mwa mto na lazima uwe na makumbusho, tuliomsikiliza tulitazamana. Yeye alikuwa amekaa mwaka mzima katika mji mmoja wa zamani sana, mto mkubwa umepita katikati, na kando ya mto, kutoka daraja moja hadi jingine, nyumba za makumbusho zimepangana. Alisema alizihesabu zikawa kumi na tisa. Nikamuuliza kama alizihesabu mara mbili. Akasema hapana. Nikaona hapa kuna kijana wa kuangaliwa.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Wageni kutoka nchi rafiki walikuwa wanakuja kutazama almasi kule Songwa. Wangeshukia uwanja wa ndege wa Ibadakuli, na mjini wangekuwa na saa moja.

"Saa nzima tutawaonyesha nini?" akaniuliza.

"Kiwanda cha kuchambua pamba."

"Viwanda wanavyo kwao."

"Basi waonyeshe mto."

Hakucheka. Alikuwa amekwisha pata ghala la pamba lililoachwa, pale pale ukingoni, mlango mmoja na madirisha hakuna, na alikuja kwangu kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa nanunua chupa tupu, madebe na magunia nyumba kwa nyumba. Babu yangu alikuja huku na misafara kutoka pwani, mama yangu ni wa Tabora, na mimi nimekulia nyuma za nyumba za watu wa Shinyanga. "Wewe unajua nani ana nini," alisema. Nikamwambia najua pia nani hana. Tukakubaliana: nikusanye vitu arobaini vya kale, kwa kuazima, nivilinde, na mambo yakienda vizuri mbele ya wageni ataniandikia barua niajiriwe kuwa mlinzi wa makumbusho. Mtu wa chupa tupu, kusikia neno ajira, hata shingo yake inakaa vingine.

Kuazima ni kugumu kuliko kununua. Ukinunua, mtu anakutazama mfukoni. Ukiazima, anakutazama usoni. Mzee mmoja wa ngoma alinishikilia asubuhi nzima.

"Ukinirudishia ina tundu?"

"Tundu inalo tayari, mzee. Hili hapa."

"Hilo nalijua. Nasema la pili."

Nikaihesabu ngoma matundu mbele yake, moja, halafu tena moja, ndipo akaachia. Hivyo hivyo nikapata vinu, vigoda, ngao ya ngozi, majembe ya chuma cha wahunzi wa zamani, kihenge, bangili za shaba. Siku mbili kabla ya kufungua nikahesabu: thelathini na tisa. Nikahesabu tena nikitumaini kimoja kimezaa. Thelathini na tisa.

Bwana Utamaduni alikuwa ameshaandika arobaini kwenye karatasi yenye mhuri. Tena alitaka cha arobaini kiwe kikubwa, cha kukaa katikati.

Nyumbani kwangu palikuwa na mtungi. Alinipa mama mkwe siku alipomtoa binti yake, naye aliufinyanga kwa mikono yake, mtungi wa tumbo pana, shingoni una mistari mitatu ya nukta. Kwake kule Ibadakuli ulikuwa wa pombe. Ulipofika kwangu ukasilimu, ukawa wa maji. Mke wangu siku hiyo alikuwa kliniki na mtoto. Nikamwaga maji, nikaupakia kwenye toroli langu la chupa, nikajiambia ni wiki moja tu. Bwana Utamaduni alifurahi sana. Aliuweka katikati ya mkeka aliopangia vitu, akauandikia kikaratasi chake kama alivyoandikia vingine vyote: *Mtungi wa bibi wa Kisukuma.* Na chini yake: *Ulitumika zamani.*

Tukafungua kwa wananchi kwanza, ili wageni wakija wakute tumezoea. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, na walikuwa na adabu iliyonigusa. Walivua viatu mlangoni. Wanawake waliingia wakakaa chini ukutani, miguu wameinyoosha, khanga wamejitanda. Wanaume wakabaki nje kwenye kivuli cha bati wakizungumza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegusa. Nikamwambia Bwana Utamaduni kwamba hata kule ng'ambo sidhani kama watu wanatazama vitu kwa heshima hii. Akaandika hilo kwenye daftari.

Bibi mmoja akanipa bakuli la unga limefunikwa, akasema, "Poleni." Nikapokea. Miaka ile ya foleni, ukipewa unga huulizi. Kufika adhuhuri nilikuwa na mabakuli manne ya unga, sukari robo kilo, na jogoo. Nilianza kuipenda kazi ya makumbusho.

Ndipo mzee mmoja akanisogelea, akainamia sikio langu.

"Mgawo ni leo, au mnawangoja wa mbali?"

"Mgawo wa nini, mzee?"

"Wa vitu." Akatupa jicho kwenye mkeka. "Mimi si wa karibu, sitaki kujifanya. Lakini lile jembe la pili, kama halina mwenye nalo."

Hapo nikaelewa. Kwetu vitu vya mtu havitolewi vyumbani vikapangwa mkekani mbele ya watu ila siku moja tu, siku ya kugawa vya marehemu. Kijana wa watu alikuwa amevipanga vizuri, kimoja kimoja, na kila kimoja amekiandikia kwamba kilitumika zamani. Na idadi yenyewe arobaini. Wananchi hawakuwa na haja ya kuuliza kama kuna msiba. Walichobaki nacho ni kujua aliyekufa ni nani, na hilo walilitafuta mkekani. Ngoma walijua ya nani, na mwenyewe amesimama pale nje anavuta tumbaku. Kinu hivyo hivyo. Kitu kikubwa, kilichokaa katikati, ambacho mwenyewe hakuonekana popote, ni mtungi. Na mistari ile mitatu ya nukta kila mwanamke wa mji ule aliijua ni ya mkono wa nani.

Mke wangu alikuwa sokoni anapimiwa dagaa. Mwanamke akamshika mkono, akamwambia, "Pole mwenzangu. Mama alikuwa mtu wa watu."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Vitu vyake viko kule mtoni, mume wako anavigawa."

Aliacha dagaa kwenye mzani, akaenda mbio na mtoto mgongoni hadi Ibadakuli, analia njia nzima. Alimkuta marehemu uani anapepeta karanga. Amezungukwa na ndugu saba waliofika kuomboleza, na anawauliza watakula nini.

Jioni ile mke wangu hakurudi. Kesho yake ukaja ujumbe kupitia kwa muuza maziwa: "Mama anasema, aliyemuua aje amfufue mwenyewe. Na mimi nitarudi hapo atakapofufuka."

Msomaji asiyeoa kwa Wasukuma ataona ni rahisi: nenda, piga magoti, omba radhi. Lakini mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hamli pamoja, hamwitani, hamkai nyumba moja. Miaka minne ya ndoa, mama mkwe nilikuwa nimemwona mgongo mara sita, na mara moja kisigino. Nikatuma mshenga. Alirudi ameshiba, akasema kuku alikuwa mzuri ila jibu hakuna. Nikatuma wa pili. Naye akala. Nyumba ikawa kimya, usiku wa tisa huo, nimeuhesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni ishirini. Shati la mtoto lilikuwa limeanikwa kambani tangu siku ile, na mimi sikuliondoa.

Siku ya wageni ikafika. Nilikuwa peke yangu ndani ya ghala, navifuta vitu vumbi, Bwana Utamaduni kaenda kuwapokea. Mlangoni giza likapita. Nikageuka nikaona khanga, mgongo, na kichwa kilichofunikwa. Mama mkwe alikuwa ameingia kinyumenyume, kwa heshima, akaketi chini kando ya mtungi, uso kwake, mgongo kwangu. Mlango ulikuwa mbele yake. Kutoka ningelazimika kumruka. Nikakimbilia kona, nikageukia ukuta, pua yangu ikagusa ngao ya ngozi.

Halafu akatoa salamu ya Kisukuma, taratibu:

"Mwadila, mtungi."

Ilinichukua muda kuelewa. Haongei na mimi. Anaongea na mtungi, mimi nipo tu.

"Mtungi," nikasema kwa ngao, "mwambie mama, mwadila mayu."

"Mtungi, muulize huyo aliyekuleta, kikaratasi chako kinasemaje?"

"Mtungi, mwambie mama kinasema wewe ni mtungi."

"Na mstari wa pili?"

"Mstari wa pili ni mambo ya serikali."

"Mtungi, mwambie mimi kusoma sijui, lakini nimesomewa na watu tisa waliokuja kunilia."

"Saba," nikasema. Mdomo wangu haujawahi kuvumilia hesabu mbovu.

"Tisa. Wawili walifika usiku."

Hapo Landrova ikasimama nje. Wakaingia wageni watatu, mkalimani wao, na Bwana Utamaduni jasho linamtoka. Waliona mwanamke anazungumza na mtungi, na mwanamume amebandika uso ukutani. Mgeni mmoja akauliza kitu. Mkalimani akamgeukia Bwana Utamaduni: "Anauliza hii ni nini."

"Ni desturi," akasema Bwana Utamaduni. "Wanaonyesha."

Wageni wakatoa madaftari. Mmoja akaketi kwenye kigoda, kitu namba kumi na mbili, ambacho hakikuruhusiwa kukaliwa. Mkalimani akaanza kuwanong'oneza neno kwa neno, na mama mkwe akaendelea kama hakuna aliyeingia.

"Mtungi, mwambie nataka ndama jike."

"Mtungi, mwambie mama, ng'ombe kumi na wawili nilishatoa. Nilihesabu mara mbili, naye akahesabu mara tatu."

"Hao ni wa binti. Huyu ni wa kifo changu."

"Mtungi, kifo chenyewe hakikutokea. Kwa jambo ambalo halikutokea, ndama mzima ni mkubwa. Kuku."

"Mtungi, kuku wamekwisha. Wanne wameliwa na waliokuja kunizika, wawili wameliwa na washenga wake."

Hilo lilinipata. Nikapandisha. "Basi mbuzi."

Nikasikia mkalimani anasema jambo fupi, na mgeni wa kwenye kigoda akaitikia kwa koo, kama mtu anayeona mbuzi ni bei ya haki. Nikafikiri nimemaliza.

"Mtungi, mwambie mbuzi simtaki."

Kila aliyefanya biashara anajua hatari ya mtu anayekataa bei aliyokwisha ipata.

"Mbuzi hawezi kwenda sokoni akawaambia watu niko hai," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Nitapita katikati, mchana huu, soko limejaa. Na huyo mtu atakuja nyuma yangu, amekubeba wewe kichwani. Mpaka kwangu."

Mwanamume na mtungi kichwani. Katikati ya soko la Shinyanga, ambako kila kibanda kiliwahi kuniuzia chupa.

"Mtungi, mwambie mama, tukizunguka nyuma ya kiwanda cha pamba ni karibu zaidi."

"Mtungi, muulize, nyuma ya kiwanda kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi."

Bwana Utamaduni alikuwa amenifikia kwenye kona. "Mtungi hautoki," akaninong'oneza. "Ni namba arobaini. Ukitoka nabaki na pungufu mbele ya wageni. Na barua yako iko mezani kwangu, imebaki saini tu. Fikiri, ndugu yangu."

Nikafikiri. Mshahara wa kila mwezi, kiti, kivuli. Nikamwambia, "Subiri." Nikageuka kwa ngao.

"Mtungi, muulize mama: na nikifika, je? Mke wangu nampata?"

"Mtungi, mwambie, mimi naidai heshima yangu tu. Binti yangu ana mdomo wake."

Katika maisha yangu sijawahi kununua gunia bila kulipekua. Siku ile nilinunua lililoshonwa. "Mtungi," nikasema, "mwambie mama nimekubali."

Mama mkwe akainuka, akatoka bila kugeuka. Alikuwa ameacha ngata pale chini, ya kitambaa, imeshakunjwa vizuri. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Ndipo nikajua kwamba ndama, kuku na mbuzi vyote vilikuwa vya kunizungusha tu, na bei yenyewe aliipanga kabla hajavuka mto.

Mtu hawezi kujitwika mtungi mkubwa peke yake. Nilimtazama Bwana Utamaduni, akatazama pembeni. Walionitwika ni wageni, wawili, mmoja kila upande, wa tatu akapiga picha. Nilipotoka mlangoni walikuwa wanapiga makofi. Nyuma yangu nikasikia sauti ya yule mzee wa ngoma: "Kama mtungi umetoka, na ngoma itoke." Halafu miguu mingi ikiingia ghalani.

Mama mkwe alitangulia hatua hamsini, hakupunguza wala kuongeza. Sokoni watu waliacha walichokuwa wanafanya. Fundi cherehani aliinua mguu kwenye pedali.

"Mama, kumbe upo?"

"Nipo."

"Si tuliambiwa..."

"Aliyeniua ni huyo nyuma. Mwenye mtungi."

Alilisema kwenye kila kibanda, kwa sauti ile ile, kama mtu anayetangaza bei. Na kila kibanda kikawa na neno la kunirushia mimi.

"Bwana chupa, leo umepanda cheo."

"Debe moja la maji bei gani, dada?"

"Mshikilie vizuri mama yako mkwe, asianguke."

"Tembea kwa madaha bwana, unatutia aibu wenye kazi yetu," akasema muuza ndizi, na huyo alikuwa ananidai maneno tangu zamani. Sikuweza kumjibu. Ukiwa na mtungi kichwani hutikisi kichwa, hugeuki, hucheki. Nilihesabu vibanda, nikafika thelathini na moja, na kwa mara ya kwanza sikurudia.

Ibadakuli tulifika jua limeanza kulegea. Mama mkwe alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, asionekane tena. Mimi nikasimama katikati ya uwanja. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye jamvi na ungo wa mtama, anachagua mawe. Mtoto aliniona, akacheka, akanyoosha kidole kwenye mtungi.

"Nitue," nikasema.

"Nani amekutwika?"

"Wageni wa serikali."

"Wakutue wao."

Akaendelea kuchagua. Mtungi hautuliwi peke yako. Ukiinama tu, umevunja. Angeweza kuniacha pale mpaka asubuhi, na nadhani alilifikiria. Jasho liliingia jichoni na sikuwa na mkono wa kulifuta.

"Nasikia walitaka kukuajiri," akasema.

"Walitaka."

"Sasa?"

"Sasa nimebeba mtungi."

Akapepeta, akachagua tena mtama ule ule uliokwisha safishika. Mtoto akatambaa, akanishika mguu wa suruali, akajaribu kusimama. Nikakaza shingo. Sikusema kitu, kwa sababu kila nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa bei, na hapa hapakuwa na wa kupatana naye.

Hatimaye akaweka ungo chini. Alinisogelea, akanipita, akanizunguka upande wa pili akitazama juu kama mtu anayekagua paa. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akasema, "Piga goti. Taratibu."

Nikapiga. Uzito ukatoka. Aliushusha mtungi hadi chini, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaugeuza akagonga na upande wa pili. Haukuwa na ufa. Ndipo akanitazama na mimi.

"Shingo imepinda," akasema. "Kaa hapo, nikuletee maji ya moto nikukande. Kesho hatuwezi kurudi mjini na mtu anayetazama upande mmoja."